Kabla hujaokota chura mwingine

Jumapili, saa nne usiku, chumbani

Najua nimepotea karibu mwezi mzima. Test zilibana, boom limekata, na laptop yangu ikaamua kuzimika kila nikifika ukurasa wa pili. Leo nilipanga nimalizie ile stori ya safari ya Bagamoyo niliyowaahidi, lakini itabidi isubiri. Kuna jambo limenikaa kooni wiki nzima, na nisipoliandika sitasoma hata ukurasa mmoja wa desa.

Jambo lenyewe ni chura.

Cheka tu, nakusubiri.

Umemaliza? Haya. Wiki mbili zilizopita mshikaji wangu wa karibu (jina simtaji, anajijua, na anasoma hapa kila wiki) alirudi kutoka Usambara. Walikwenda wenyewe, watu wanne, matembezi tu ya wikiendi, wakafika mpaka Amani kule Muheza. Akatuletea iliki na mdalasini, tukashukuru. Halafu akatoa kwenye begi chupa ya maji ya nusu lita, kifuniko kimetobolewa kwa msumari, ndani kuna majani mabichi mawili na kachura ka rangi ya kahawia, hakazidi kucha ya kidole gumba.

Jioni ile chumba kilijaa watu kama kuna mechi. Simu zote juu, kila mtu anapiga picha. Tukampa jina Profesa, kwa sababu alikaa kimya akitutolea macho kama anasubiri mtu ajibu swali. Mimi pia nilicheka na nilipiga picha, sitaki kujifanya nilikuwa mtakatifu.

Siku ya pili Profesa alipewa chembe za mkate. Hakugusa. Siku ya tatu akapewa punje za wali wa mgahawani. Hakugusa. Siku ya nne akahamishiwa kwenye beseni la kufulia, juu limefunikwa sahani, ndani maji ya bomba moja kwa moja. Na mnajua joto la mwezi wa tatu Dar lilivyo, feni inazungusha hewa ya moto tu. Siku ya sita akawa amelegea, miguu ya nyuma ameinyoosha, ukimgusa hashtuki. Mshikaji akasema, "Basi nikamwachie kwenye mtaro hapo nyuma, atajiunga na wenzake." Tuligombana kweli kweli, nikamnyang'anya beseni. Alfajiri Profesa alikuwa amekufa.

Mpaka hapo ningeweza kunyamaza. Makosa yapo. Kilichonifanya niandike ni maneno ya mshikaji asubuhi ile, akiwa anapiga mswaki: "Poa tu, mwezi wa saba narudi kule. Safari hii naleta wawili, wasiwe wapweke."

Yaani wawili!

Kabla hamjaniambia najifanya mjuaji, ngoja nitubu. Nikiwa mwaka wa kwanza, mvua za masika zilipoanza, nilimkuta chura wa miti kwenye ukuta wa bafuni, yule anayejenga kiota cha mapovu juu ya madimbwi. Mchana alikuwa mweupe kama chokaa. Nikamweka kwenye jagi la plastiki juu ya kabati. Siku ya tatu mbu walizidi, nikapuliza dawa chumbani, nikafunga madirisha na mlango, nikaenda kipindi. Maelekezo ya kwenye kopo yanasema ukishapuliza utoke nje. Mimi nilitoka. Yeye nilimwacha. Niliporudi alikuwa amekauka pembeni mwa jagi.

Hapo ndipo nilipoanza kuuliza watu wa zoolojia na kusoma. Nikajifunza kitu ambacho mtu yeyote anayetaka kufuga chura alipaswa kukijua kabla hajanyoosha mkono: chura hanywi maji kwa mdomo. Anayanywa kwa ngozi. Na kwa ngozi hiyo hiyo anavuta sehemu ya hewa yake. Kwa hiyo chochote kinachogusa ngozi yake kinaingia mwilini: sabuni iliyobaki mkononi mwako, losheni, dawa ya mbu, klorini ya kwenye maji ya bomba. Bibi zetu wanaomrushia chura chumvi aondoke mlangoni wanajua ngozi yake haivumilii. Sisi tunaojiita tunampenda tunamweka kwenye beseni lenye mabaki ya sabuni ya unga, halafu tunashangaa.

Sasa tuje kwenye hoja yangu, na najua itawaudhi wengine. Nasema hivi: kufuga chura kunaanzia kwenye karatasi, kisha nyumba, na chura mwenyewe anakuja mwisho. Sisi tumegeuza. Tunaanza na chura, halafu tunatafuta beseni, halafu sheria hatuikumbuki kabisa. Na mtu anayeanza na chura hajaanza kufuga. Ameokota tu.

Nitaeleza kwa nini sioni hili kama jambo dogo, na sihitaji kwenda mbali. Hapa hapa chuoni kwetu kuna chura maarufu kuliko wahadhiri wote. Chura wa Kihansi. Wengi mnapita kila siku mkienda vipindi na hamjui kwamba hapa Mlimani kuna chumba maalumu alikozalishwa.

Stori yake kwa kifupi. Mwaka 1996 watafiti walimkuta kwenye korongo la mto Kihansi, milima ya Udzungwa, na mmoja wa wataalamu walioandika maelezo yake ya kisayansi mwaka 1999 ni Kim Howell wa hapa hapa. Ni chura mdogo wa rangi ya dhahabu. Hatagi mayai, mama anazaa vitoto hai. Aliishi kwenye kieneo kisichozidi hekta chache, palipokuwa na manyunyu ya maporomoko ya maji saa 24. Hakuna mahali pengine duniani alikowahi kupatikana. Mwaka 2000 mitambo ya umeme ilipokuwa imeanza kazi, maji ya pale yalipungua kwa takriban asilimia 90. Manyunyu yakakauka. Yakawekwa mabomba ya kunyunyizia badala yake, vyura wakaongezeka tena, halafu mwaka 2003 wakaporomoka ghafla. Kwenye waliokufa kulikutwa ugonjwa wa ngozi unaosababishwa na kuvu aina ya kitridi. Mwaka 2009 akatangazwa rasmi kwamba porini hayupo tena.

Aliokolewa kwa sababu mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walichukuliwa, kwa makubaliano ya serikali, wakapelekwa Marekani kwenye bustani za wanyama, Bronx ikiwa mojawapo. Sikilizeni sasa. Wale watu ni wataalamu wa kuajiriwa. Wana madaktari wa wanyama, wana taa maalumu, wana mashine za kusafisha maji. Pamoja na hayo yote, kufikia mwisho wa mwaka 2004 vyura waliobaki hai walikuwa chini ya 70. Ndiyo, kutoka 499. Ilibidi wajifunze upya taa gani, maji gani, wadudu gani, ndipo wakaanza kuongezeka hadi kuwa maelfu. Mwaka 2010 vyura 100 wakarudishwa nyumbani, hapa chuoni, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa korongoni.

Kama watu wa Bronx walikaribia kuwapoteza wote, wewe na beseni lako unajiamini nini?

Halafu jambo la pili. Chura wa Kihansi yuko kwenye jenasi iitwayo Nectophrynoides, na jenasi nzima iko kwenye Kiambatisho cha I cha mkataba wa CITES, kundi moja la ulinzi na faru. Ndugu zake wengine wa jenasi hiyo wako kwenye misitu yetu ya milimani, na mmoja, Nectophrynoides tornieri, anapatikana Usambara. Ni mdogo, na mara nyingi ni wa kahawia. Sisemi Profesa alikuwa huyo. Nasema kwamba katika watu wote tuliojaa chumbani usiku ule, hakuna hata mmoja aliyeweza kusema siye. Tulikuwa tunamlisha wali mnyama ambaye hata hatujui ni nani.

Misitu ya Tao la Mashariki ndivyo ilivyo. Kila mlima una vyura wake. Mwaka 2002 wataalamu walieleza chura mpya kutoka milima ya Ukaguru, wakampa jina la Kiswahili kabisa: Churamiti maridadi. Jina zuri kuliko majina yote ya kisayansi niliyowahi kukariri kwa ajili ya test. Chura wa namna hiyo ukimweka kwenye chupa, huenda umebeba sehemu kubwa ya ukoo mzima bila kujua.

Sasa sheria. Mshikaji alinijibu, "Kwani chura naye ana kibali? Si mdudu tu?" Kwanza si mdudu. Pili, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 haikuandikwa kwa ajili ya tembo na simba peke yao. Mnyamapori huwezi kumkamata na kukaa naye nyumbani bila kibali cha mamlaka kwa sababu tu anaingia mfukoni. Tatu, Amani ni hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 1997, na Sheria ya Misitu Namba 14 ya mwaka 2002 inasimamia kinachotoka mle. Ulilipa kiingilio cha kutembea na kuangalia. Hukulipia kubeba. Na nne, kama una ndoto ya kuwauza nje kwa dola, mwaka 2016 serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi, kwa hiyo hiyo biashara unayoisikia vijiweni usiiguse.

Najua hoja zitakazokuja, maana nimeshazisikia zote korido nzima.

Ya kwanza: "Wazungu wanafuga vyura majumbani, sisi wenye vyura tunakatazwa. Ukoloni mwingine huo." Hii hoja inapendeza masikioni, nami niliwahi kuitumia. Lakini angalia vizuri. Wafugaji wanaojiheshimu kule wanafuga vyura waliozaliwa kwa wafugaji wenzao, vizazi na vizazi. Wale vyura wa rangi kali wa Amerika Kusini wenye sumu, wakizaliwa na kulishwa ndani hawana hata hiyo sumu, kwa sababu inatokana na wadudu wanaowala porini. Na sheria wanazo. Salamanda wa Mexico aitwaye axolotl, ambaye watoto wa michezo ya kompyuta wanampenda, California huruhusiwi kumfuga nyumbani. Mwezi wa kwanza mwaka 2016 serikali ya Marekani ilizuia kuingizwa kwa spishi 201 za salamanda kwa hofu ya ugonjwa wa kuvu. Kwa hiyo usiniambie kule ni shaghalabaghala.

Kama kuna ukoloni wa kuulalamikia, lalamikia huu: kuanzia miaka ya 1930 vyura wenye kucha, Xenopus laevis, walitolewa Afrika Kusini kwa wingi kupelekwa hospitali za Ulaya na Marekani, kwa ajili ya kupima mimba. Unamdunga chura jike mkojo wa mwanamke, akitaga mayai jibu ni ndiyo. Vipimo vya kisasa vilipokuja, biashara ya maabara na ya wanyama wa nyumbani ikaendelea, na wengine wakatoroka au wakaachiwa. Leo wako kwenye maji ya Chile, ya Ufaransa, ya California, wanakula viumbe wa huko. Na chura huyo anaweza kuwa na kuvu ya kitridi mwilini asiumwe, akawaambukiza wengine wanaokufa nayo. Ndivyo kumwachia mnyama "ajiunge na wenzake" kunavyoweza kuishia.

Hapo ndipo ugomvi wetu wa beseni ulipoanzia, na nataka mshikaji anielewe. Sikukunyang'anya kwa hasira tu. Chura kutoka Usambara akiwa mgonjwa, ukimmwaga kwenye mtaro wa Dar, humrudishi nyumbani. Nyumbani kwake ni mlimani, kwenye baridi na ukungu. Unachofanya ni kumwaga ugonjwa usioujua kwenye maji ya vyura wa hapa. Utafiti uliochapishwa kwenye jarida la Science mwaka 2019 ulionyesha kwamba kuvu ya kitridi imechangia kupungua kwa spishi 501 za amfibia duniani, na 90 kati ya hizo zinadhaniwa zimetoweka kabisa. Wanasayansi wanasema biashara na usafirishaji wa amfibia ndivyo vilivyoisambaza. Hata maji ya beseni yenyewe hayafai kumwagwa mtaroni kabla hujayaua vijidudu kwa dawa ya klorini.

Hoja ya pili: "Watoto wanakosa madawati, wewe unalilia chura." Sawa. Ila mimi na wewe wiki ile tulikuwa na muda wa kumpiga picha chura, kumpa jina na kumchekea. Muda wa madawati hatukuutoa siku hiyo, na kumwacha msituni hakungemgharimu mtoto yeyote dawati.

Hoja ya tatu ndiyo ninayoiheshimu: "Mimi nawapenda kweli, nataka kujifunza. Nifanyeje?" Hapa sitaki kumfukuza mtu. Nchi hii inahitaji watu wanaopenda vyura, wengi tumelelewa kuamini chura akiingia ndani katumwa. Kwa hiyo kama umedhamiria, fuata mpangilio huu, na ukishindwa hatua moja usiruke kwenda nyingine.

Anza na karatasi. Nenda ofisi ya wanyamapori ya wilaya au TAWA, uliza kwa maandishi: spishi hii, kwa kusudi hili, natakiwa kuwa na nini? Subiri jibu kwa maandishi. Jibu likiwa hapana, ni hapana. Kwenye hifadhi usiokote hata kiluwiluwi. Mtu akikuuzia kutoka nje, adai kibali cha kuingiza, na kama spishi iko CITES, karatasi za CITES. Anayekuambia "usijali, anapita kwenye begi" huyo anakuuzia kesi. Walio Zanzibar wana sheria zao, waulize huko. Na wadau mliopata skolashipu mkaenda Ulaya au Marekani, kule inaruhusiwa kununua baadhi ya spishi, lakini nunua aliyezaliwa kwa mfugaji, muulize wazazi wake wako wapi, na sheria ya jimbo unaloishi uisome kabla ya pesa kutoka.

Ukipata ruhusa, hesabu miaka. Digrii yetu ni miaka mitatu, minne kwa wengine. Xenopus akitunzwa anaweza kuishi zaidi ya miaka 15. Likizo ndefu utamwachia nani? Mama kijijini? Mlinzi wa hosteli? Na hosteli zenyewe tunabebana wawili kitanda kimoja, wewe unataka kuongeza mpangaji asiyevumilia dawa ya mbu.

Kisha jenga nyumba, ikae tupu wiki nzima uione inavyofanya kazi. Tangi la kioo lenye kifuniko cha wavu, hewa inapita, kuna sehemu ya unyevu na sehemu ya kujificha. Maji yaachwe wazi siku nzima klorini itoke, na kama wanaosambaza wanatumia kloramini, kuyaacha hakutoshi, unahitaji dawa ya kuiondoa. Pima joto kwa kipimajoto, usitumie kiganja. Yule axolotl mnayeniulizia anataka maji ya nyuzi 16 hadi 18. Kwa Dar hii maana yake ni mashine ya kupoza maji usiku na mchana, na umeme ukikatika saa sita una mchuzi wa salamanda. Achana naye.

Chakula ni wadudu hai: nyenje, kumbikumbi, nyungunyungu, kulingana na ukubwa wa mdomo wake. Usiwaokote chini ya taa ya korido iliyopuliziwa dawa jana. Wadudu wa kufuga wanahitaji kunyunyiziwa unga wa kalisi, la sivyo mifupa ya chura inalainika. Wali, mkate na ugali ni vyako wewe. Usichanganye spishi mbili kwenye tangi moja: kuna chura mweusi mwenye michirizi myekundu, Phrynomantis bifasciatus, anapatikana huku kwetu, ute wa ngozi yake unaweza kuua vyura wenzake. Chura mpya akae peke yake kwanza, kwa vyombo vyake, mpaka uhakikishe hana ugonjwa.

Na usimshikeshike. Ukilazimika, nawa mikono bila kuacha sabuni, mshike ikiwa na maji. Ukimaliza nawa tena, safari hii kwa sabuni, kwa sababu amfibia wanaweza kubeba salmonela, na wewe dakika mbili baadaye unakula chipsi kwa vidole.

Mwisho, akiwa mzigo, hatupwi nje. Unarudi kwa waliokupa kibali, au kwa mfugaji mwingine mwenye kibali. Hilo ulijue siku ya kwanza.

Umesoma yote hayo na umechoka? Basi jibu lako umelipata, na si aibu. Mimi mwenyewe nilifika hapo. Nimeamua sifugi. Ninachofanya sasa, mvua ikinyesha usiku, naenda na tochi kwenye madimbwi nikiwa na simu, narekodi sauti, napiga picha, sigusi. Naziweka kwenye iNaturalist, watu wanaojua wananitajia ni nani, na wale adimu mahali pao panafichwa wasije waokotaji. Kwa wiki mbili za masika mwaka jana nilijifunza kutofautisha sauti za vyura watano. Nikiwa na jagi juu ya kabati, nilijifunza tu jinsi ya kuua mmoja.

Sasa wewe mshikaji. Hatujaongea vizuri tangu Jumanne, na najua utakasirika kukuta habari zako hapa. Jina sijalitaja, na sitalitaja. Sijaenda kukusemea popote, japo kuna aliyenishauri nifanye hivyo, na nililifikiria usiku mzima. Niliona nikuambie kwanza. Lakini nakuambia mbele ya wadau wote: mwezi wa saba ukirudi na chupa yenye kifuniko kilichotobolewa, sitapiga picha, sitacheka, na sitanyamaza. Urafiki wetu ni wa tangu fomu faivu na sitaki uishie kwenye chupa ya nusu lita. Nauli nitachangia tukapande wote Amani, tukae kwenye mvua usiku tuwasikilize. Buku tano ninayokudai nayo nakusamehe.

Haya wadau, saa sita hiyo inakaribia na kesho nina kipindi saa moja asubuhi. Mwenye hoja ya kunipinga aandike, sitaifuta. Stori ya Bagamoyo wiki ijayo, Mungu akipenda.

Tuko pamoja.